Kompyuta ya kujiundia inapoishiwa pumzi: Kwa nini prosesa uliyoiongezea kasi hurudi nyuma

VIJANA wengi wa mijini siku hizi hawanunui kompyuta ya mezani ikiwa tayari imeundwa. Hudunduliza pesa kidogo kidogo, wakanunua prosesa mwezi huu, bodi kuu mwezi ujao, kisha kasha na kisanduku cha umeme, hadi siku moja mashine nzima ikakaa mezani sebuleni na kuwaka. Hata mzazi aliyekuwa akinung'unikia gharama hubaki akitabasamu.

Haupiti muda kabla ya wazo jingine kumjia kijana. Husikia kutoka kwa wenzake kwamba prosesa inaweza kulazimishwa kwenda kasi kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi lake, tena bila kuongeza hata shilingi. Jambo hilo ndilo wanaloliita ovakloki.

Basi huingia katika mipangilio ya BIOS, akapandisha tarakimu mbili tatu na kuiwasha mashine upya. Dakika ya kwanza mambo huwa shwari. Kisha feni huanza kuvuma kama kinu cha kusaga unga, mchezo ukakwamakwama, na video ya harusi aliyokuwa akiihariri ikachukua muda mrefu kuliko kabla hajagusa chochote.

Je, prosesa imeharibika? Aghalabu la. Imejibana yenyewe ili isiungue. Hebu tutazame kwa nini hufanya hivyo, na jinsi ya kutambua chanzo bila kukimbilia kununua vifaa vipya.

Kasi hutoka wapi?

Prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa. Katika bodi nyingi za kisasa, pigo la msingi ni megahezi 100, nayo prosesa hulizidisha. Ikilizidisha mara 40, kasi huwa gigahezi 4. Ukibadilisha 40 kuwa 46, unapata gigahezi 4.6. Ovakloki kwa ufupi ni hiyo.

Mchezo huu si wa jana. Mnamo 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A, ya megahezi 300. Wajuzi walipandisha pigo la bodi kutoka megahezi 66 hadi 100, na wengi wakaifikisha megahezi 450. Walipata nusu nyingine ya kasi bila malipo.

Siku hizi si kila prosesa hukubali. Kwa upande wa Intel, zilizofunguliwa kwa kawaida ni zile zenye herufi K mwishoni mwa jina, tena zikiwa kwenye bodi za aina ya Z. Prosesa nyingi za AMD Ryzen zimefunguliwa, lakini bodi zake za bei ya chini zinazoanza na herufi A haziruhusu. Msomaji athibitishe hilo kabla ya kutoa pesa dukani.

Taabu huanzia kwenye joto. Sehemu kubwa ya joto la prosesa hupanda kulingana na kasi, na pia kulingana na volti ikizidishwa kwa yenyewe. Tuseme umetoka gigahezi 4 kwa volti 1.20, ukaenda gigahezi 4.6 kwa volti 1.35. Kasi imepanda kwa asilimia 15 na volti kwa asilimia 12.5. Zidisha 1.15 kwa 1.125, kisha kwa 1.125 tena, nawe utapata takriban 1.45.

Yaani umeongeza kasi kwa asilimia 15 lakini joto kwa asilimia 45. Prosesa iliyokuwa ikitumia wati 100 sasa inataka 145, na kipozajoto ni kile kile cha zamani.

Kinga iliyojengwa ndani

Zamani prosesa iliyochemka sana iliweza kufa papo hapo. Mnamo 2001, tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video iliyozua gumzo kote duniani. Waliondoa vipozajoto huku kompyuta zikiendelea na kazi. Prosesa ya AMD Athlon iliungua kwa muda mfupi mno. Ile ya Pentium 4 ilipunguza kasi, ikaendelea kujikokota, na haikufa.

Tangu hapo kinga ya namna hiyo imekuwa jambo la kawaida. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujibana zinapofikia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa Ryzen 7 5800X kikomo ni nyuzi 90, na kwa nyingi za familia ya Ryzen 7000 ni nyuzi 95.

Kwa hivyo kujibana ni kama homa. Homa yenyewe siyo ugonjwa, bali ni ishara kwamba kuna jambo mwilini. Anayetafuta mbinu ya kuizima kinga hiyo ni sawa na mtu anayevunja kipimajoto ili asiambiwe kwamba mtoto ni mgonjwa.

Pima kwanza, tibu baadaye

Kosa la wengi ni kuanza kubadilisha mambo matano kwa mpigo. Chukua daftari. Rudisha kila kitu katika hali yake ya kiwandani, kisha uendeshe jaribio la Cinebench kwa dakika kumi huku programu ya HWiNFO ikiwa wazi. Zote mbili hupatikana bila malipo kwa matumizi ya nyumbani.

Andika mambo manne: joto la juu kabisa, wati zilizotumika, kasi mwishoni mwa jaribio, na alama ulizopata. Sasa rejesha ovakloki yako na urudie jaribio lile lile. Ukilinganisha kurasa hizo mbili, utakuta mojawapo ya hali hizi nne.

Hali ya kwanza: joto linagonga kikomo, mathalani nyuzi 100, na hapo hapo kasi inashuka. Tatizo ni upoozaji.

Hali ya pili: joto halijafika mbali, pengine nyuzi 70 tu, lakini kasi inashuka na wati zimeganda kwenye tarakimu moja. Huo ni mpaka wa umeme. Prosesa za Ryzen 5000 zinazouzwa kama za wati 105 huwekewa mpaka wa wati 142. Kwa upande wa Intel, bodi nyingine huruhusu umeme mwingi kwa sekunde 28 au 56 tu, kisha huushusha. Ndiyo maana dakika ya kwanza ilikuwa shwari.

Hali ya tatu: joto na wati zote ziko chini, lakini kasi bado inashuka. Hapo tazama vifaa vidogo vilivyouzunguka mlango wa prosesa kwenye bodi kuu. Kazi yake ni kushusha umeme wa volti 12 hadi volti moja na kitu. Vikichemka, bodi huiamuru prosesa ipunguze mwendo. Bodi za bei nafuu ndizo hulemewa upesi, hasa zile ambazo vifaa hivyo havikufunikwa kwa vipande vya chuma vya kutoa joto. Lakini kabla ya kuilaumu bodi, kagua mipangilio ya umeme ya Windows. Huenda imewekwa kwenye hali ya kuokoa stima, na prosesa haina hatia yoyote.

Hali ya nne huwahadaa wengi, hasa wenye Ryzen. Skrini inaonyesha gigahezi 4.6, joto ni zuri, lakini alama zimeshuka. Hii hutokea volti ikiwa haba: prosesa hunyoosha mapigo yake ili isianguke. Katika HWiNFO tafuta safu ya kasi halisi badala ya ile inayotajwa kwanza. Ikiwa halisi iko chini sana, ongeza volti kidogo au punguza kasi.

Tiba ya bei nafuu huja kwanza

Ikiwa tatizo ni joto, usikimbilie barabara ya Luthuli kununua kipozajoto kikubwa. Zima mashine, chomoa waya wa stima, na ufungue kasha.

Ondoa kipozajoto na ukitazame chini. Vingi huuzwa vikiwa na karatasi ya plastiki inayopaswa kubanduliwa, na hushangaza jinsi karatasi hiyo inavyosahaulika. Futa krimu kuukuu kwa kitambaa na spiriti safi, upake mpya kiasi cha punje ya njegere katikati ya prosesa. Krimu ikizidi haisaidii, kwani kazi yake ni kujaza mianya tu. Kaza skrubu kwa zamu, ya huku kisha ya upande mkabala, ili uzito usielemee upande mmoja.

Kisha angalia njia ya hewa. Feni za mbele ziingize hewa na ya nyuma iitoe. Ukikuta zote zinaingiza, hewa moto haina pa kutokea. Jaribio rahisi ni kuondoa ubavu wa kasha na kurudia kipimo. Joto likishuka sana, kasha ndilo linalokosa hewa, wala si kipozajoto. Vumbi nalo lipulizwe nje, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke.

Mahali unapoishi pia ni hoja. Chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32 mwezi Machi kinaizidi chumba cha Nairobi cha nyuzi 22 kwa nyuzi kumi, na karibu nyuzi hizo zote huhamia kwenye prosesa. Nairobi nayo, ikiwa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi ambayo hubeba joto kidogo kuliko ile ya Pwani feni zikizunguka kwa mwendo ule ule. Kwa hivyo tarakimu ulizosoma kutoka kwa mtu aliye nchi ya baridi si lazima zifae kwako.

Hatua inayofuata haigharimu chochote: punguza volti. Bodi nyingi zikiachiwa zijiamulie hutoa volti kuliko inavyohitajika. Shusha kwa hatua ndogo, kama volti 0.02 kila mara, ukijaribu kila hatua kwa subira. Mashine ikikwama au kujizima, rudi hatua moja nyuma. Wengi hugundua kwamba kwa volti ndogo kidogo, kasi hudumu bila prosesa kujibana hata mara moja.

Mpaka wa umeme uongezwe mwisho kabisa, na ikiwa tu joto la prosesa na la vifaa vya bodi bado lina nafasi. Hakikisha pia kwamba waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane karibu na pembe ya juu ya bodi, umechomekwa barabara.

Bodi ikikataa kuwaka baada ya mabadiliko, usitie hofu. Chomoa stima, toa betri ndogo ya mviringo ya CR2032 kwa dakika chache na uirudishe. Mipangilio itarudi ilivyokuwa kiwandani.

Gharama isiyoonekana

Prosesa hujilinda na joto kwa kujibana, lakini volti nyingi huitafuna polepole bila ishara yoyote. Mnamo 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti kupita kiasi na kuharibika, hata kwa watu ambao hawakufanya ovakloki. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu na kuongeza waranti kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayo hayawezi kuponya prosesa iliyokwisha kudhurika. Mwenye prosesa hizo ahakikishe BIOS yake imesasishwa kabla ya kufikiria lolote lingine.

Tena uharibifu unaotokana na ovakloki kwa kawaida haumo katika waranti. Kijana aliyedunduliza pesa kwa mwaka mzima anapaswa kulijua hilo kabla ya kugusa tarakimu ya kwanza.

Na kuna hasara nyingine iliyo kubwa kuliko prosesa. Mashine isiyotulia inaweza kuandika faili vibaya bila kukuarifu. Tasnifu ya mwaka wa nne, hesabu za duka la mama, picha za marehemu babu: vyote hivyo huenda vimo katika kompyuta hiyo moja. Weka nakala pembeni kwanza. Prosesa hununuliwa, lakini picha ya babu haina duka.

Mwishowe, jiulize unachokitafuta. Prosesa za sasa hujiongezea kasi zenyewe kadiri joto na umeme zinavyoruhusu, hivyo faida iliyobaki kwa anayeovakloki mara nyingi ni asilimia chache tu, si nusu nzima kama enzi ya Celeron ile. Ikiwa mashine ni nzito kwa sababu bado inatumia diski ya kuzunguka, au kumbukumbu haitoshi, pesa na muda vielekezwe huko. Nafuu utaiona siku hiyo hiyo.

Lakini kwa mwanafunzi mwenye ari ya kujifunza, zoezi hili lina thamani yake. Humfunza kupima kabla ya kukisia, kubadilisha jambo moja kwa wakati, na kuandika alichokiona. Wewe mzazi, usiku ukisikia feni zikivuma, usianze kwa kumgombeza. Mwambie alete daftari lake mwone pamoja lilivyoandikwa. Ikiwa halina kitu, mwambie arudishe mipangilio ya kiwandani hadi litakapokuwa nacho.