Laptopu Imegoma Kuwaka? Usikimbilie Kupiga Windows

Leo tuweke pembeni mbolea na dawa, tuongelee chombo kingine cha kazi.

Wiki iliyopita mkulima mmoja kijana wa vitunguu hapa Ruaha Mbuyuni alinijia mbio. "Shikamoo bwana shamba, mdogo wako nimekwisha." Laptopu yake, aliyoinunua mtumba, imegoma kuwaka. Ndani mna hesabu za misimu mitatu: mbegu, vibarua, mafuta ya pampu, magunia na bei aliyouzia. Ijumaa anatakiwa azipeleke anakoomba mkopo, na siku hiyo ni Jumatano. Fundi kashamwambia, "Hii tunapiga Windows upya."

Nikamuuliza, "Ukiwasha, nembo ya kompyuta inatokea?" Akasema hakuna kitu, skrini nyeusi tii, ila taa inawaka na feni inazunguka. Nikamwambia basi hapo Windows haihusiki, maana yenyewe huanza kupakiwa baada ya mashine kujikagua. Na kupiga Windows upya kungeweza kufuta hesabu zake zote.

Tulikagua kwa mpangilio huu, na wewe unaweza:

1. Umeme. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Kisha angalia waya wa chaja ya laptopu kama umekatika au umelegea pale unapoingia.

2. Umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Ikiwaka, mshuku betri. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuichaji tena.

3. Skrini. Zima taa ya chumbani, mulika skrini kwa tochi. Ukiona picha kwa mbali, kilichokufa ni mwanga wa skrini. Unganisha kwenye TV uendelee na kazi.

4. Ramu. Hiki ni kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda. Hakikisha chaja na betri vimetoka, shika chuma kwanza kuondoa umeme wa mwilini, ndipo ukichomoe. Sugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka kilie "ka!"

5. Diski. Ikilia "tik tik", au ukaambiwa diski haionekani, kwanza chomoa flashi yoyote iliyosahaulika. Mlio ukiendelea, zima. Kila ukiwasha tena unaweza kuiharibu zaidi.

Kwa kijana wetu ilikuwa namba nne. Tulipofungua kifuniko cha chini tulikuta vumbi la kutosha kupanda mchicha! Laptopu inakaa stoo, juu ya magunia, na joto la huku bondeni mnalijua. Tukasafisha, tukarudisha, nembo ikatokea. Alitaka kufungua hesabu palepale. Nikamzuia: kwanza nakili kila kitu kwenye flashi, mengine baadaye.

Isingewaka je? Bado pangekuwa na njia. Kama diski ni nzima, fundi huitoa, huiweka kwenye kasha la USB na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Kwa hiyo ukifika kwa fundi, neno la kwanza liwe, "Niokolee mafaili yangu kwanza." Mweleze kabla hajashika bisibisi.

Mkulima wa biashara asiye na hesabu hajui kama bei ya leo ni faida au hasara. Mbegu huwezi kuziweka zote kwenye kitalu kimoja. Hesabu nazo zigawe: laptopu, flashi inayokaa mbali nayo, na daftari. Leo jioni, kabla hujafunga pampu, nakili.

Ijumaa kijana alipeleka hesabu zake. Majibu ya mkopo bado anayasubiri, ila safari hii flashi iko kwa mama yake.