Jiwe la Figo na Tundu Dogo: Anayopaswa Kuyajua Mgonjwa wa Rungwe

Wilaya ya Rungwe si nchi ya kiu. Mji wa Tukuyu, ulioko katika miteremko ya Mlima Rungwe, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na vijito vingi vishukavyo kutoka mlimani havikauki hata wakati wa kiangazi. Hata hivyo, wamo wakazi wa huko wanaoshikwa na maumivu ya mawe ya figo, maradhi ambayo watu wengi huyahusisha na nchi kame na maji machache. Jambo hili linashangaza kwa mtazamo wa kwanza tu. Kinachohesabiwa na figo si maji yaliyomo mtoni bali ni yale yaliyonywewa, na mtu anayelima katika baridi na ukungu anaweza kufika jioni bila kukumbuka kunywa maji, kwa kuwa hakuona kiu. Tena si watu wote wa Rungwe wanaofanya kazi Rungwe. Tangu miaka ya 1930 vijana wa wilaya hii walikwenda kuchimba dhahabu huko Lupa, Chunya, na mpaka leo wako wanaoshuka Kyela kulima mpunga au kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Huko joto huyatoa maji ya mwili kwa njia ya jasho, na mkojo hubaki kidogo na mzito.

Jiwe la figo halitokani na vijiwe vilivyomezwa pamoja na wali au maharage, kwani chakula hakipiti kwenye figo. Jiwe hujengeka ndani ya mkojo wenyewe. Mkojo hubeba chumvichumvi za namna nyingi, na pindi zinapozidi kiasi ambacho maji yaliyopo yanaweza kuziyeyusha, huanza kugandana punje kwa punje, kama vile chumvi inavyobaki chini ya sufuria maji yakichemka mpaka yakaribie kukauka. Mawe mengi ni ya kalisi iliyoungana na oksaleti. Mengine ni ya asidi ya uriki, na yako pia yatokanayo na vijidudu vilivyokaa muda mrefu katika njia ya mkojo. Haya ya mwisho huweza kukua yakajaza figo nzima mfano wa pembe za paa.

Jiwe likitulia ndani ya figo, mwenyewe anaweza kuishi nalo miaka asijue. Taabu huanza linapotoka na kuingia katika mrija mwembamba unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu. Hapo maumivu hushika ubavuni kwa ghafla, yakashuka hadi kinenani, yakaja na kuondoka kwa mawimbi, pamoja na kichefuchefu na aghalabu damu katika mkojo. Damu hiyo isiharakishwe kuitwa jiwe. Kichocho, ambacho kinajulikana katika kando za Ziwa Nyasa, nacho huleta mkojo wenye damu, na yapo maradhi mengine makubwa zaidi yanayofanya hivyo. Ndiyo sababu kipimo hutangulia dawa. Altrasaundi huweza kuonyesha jiwe lililo ndani ya figo na kama figo imevimba, nayo picha ya sitiskani, yaani eksirei inayounganishwa na kompyuta, huonyesha jiwe lilipo na ukubwa wake kwa usahihi zaidi.

Hali moja haina nafasi ya kungoja. Mtu mwenye maumivu ya ubavu akipatwa na homa na kutetemeka, yamkini jiwe limeziba mrija na mkojo uliozuiliwa nyuma yake umeshikwa na vijidudu. Kosa lililo rahisi kutendeka ni kuidhania homa hiyo kuwa ni malaria, akapewa dawa na kurudi nyumbani. Vijidudu vilivyofungiwa ndani ya figo huweza kuingia katika damu na kumuua mtu kwa muda mfupi, pengine katika siku moja au mbili. Mgonjwa wa namna hii apelekwe usiku uo huo katika hospitali ya wilaya iliyoko Makandana, Tukuyu, au hospitali nyingine iliyo karibu kama ile ya Igogwe, aanzishiwe dawa na kupewa rufaa ya haraka kwenda Mbeya. Na jamaa zake wasishangae wakiambiwa huko kwamba jiwe halitatolewa siku hiyo. Kinachotakiwa kwanza ni kuufungulia mkojo njia, ama kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mrija, ama kwa mpira unaoingizwa kwenye figo kutokea mgongoni. Jiwe lenyewe litasubiri mpaka maambukizo yatulie. Kulishughulikia jiwe katika figo yenye usaha ni kuvisukuma vijidudu ndani ya damu.

Si kila jiwe linahitaji kutolewa. Lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hupita lenyewe, likisaidiwa na dawa za maumivu, na mgonjwa ashauriwe kukojolea katika kitambaa safi au chujio la chai, ambalo halitarudi tena jikoni, ili alinase na kulipeleka hospitali likachunguzwe. Lililo kubwa zaidi, au linaloziba njia, au linaloleta maambukizo kila mara, hapana budi liondolewe.

Kwa muda mrefu kuliondoa kulimaanisha kupasuliwa ubavu kwa jeraha refu, na mkulima aliyepasuliwa hivyo alikaa majuma mengi asiweze kushika jembe. Wazo la kuliendea jiwe bila kupasua lenyewe si geni. Huko Paris mwaka 1824 daktari Jean Civiale alipitisha chombo katika njia ya mkojo ya mgonjwa aliye macho, akalivunjavunja jiwe lililokuwamo kibofuni. Figo iko ndani zaidi, na ilingoja miaka 150 hivi. Mwaka 1976 madaktari wa Sweden, Fernström na Johansson, walieleza jinsi walivyotoa mawe ya figo kwa kupitia tundu lililotobolewa mgongoni. Miaka minne baadaye, tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, mgonjwa wa kwanza alivunjiwa jiwe la figo kwa mawimbi ya mshtuko, ngozi yake isiguswe na kisu. Chanzo cha mtambo huo ni cha ajabu kidogo: wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier walikuwa wakichunguza namna matone ya mvua yanavyoudhuru mwili wa ndege iendayo kwa kasi kubwa, na katika kuchunguza walikuta nguvu inayoweza kupita katika maji na nyama bila kuziharibu, kisha ikapasua kitu kigumu kilichomo ndani.

Njia hizi zote hutumika leo, na mgonjwa wa Tukuyu anaweza kupelekewa mojawapo kulingana na jiwe lake. Mawimbi ya mshtuko hufaa zaidi kwa jiwe lisilozidi sentimita 2 na lisilo gumu mno. Mgonjwa hulala juu ya mto wenye maji, mtambo hulenga jiwe kwa eksirei au altrasaundi, na baada ya mapigo mengi jiwe hugeuka changarawe. Watu wengi huipenda njia hii kwa kuwa haina jeraha. Lakini changarawe hiyo sharti itoke kwa mkojo, na katika kutoka huweza kuleta maumivu au kuziba mrija. Mara nyingine kazi hurudiwa mara mbili au tatu. Mwanamke mjamzito hafanyiwi kamwe, wala mtu ambaye damu yake haigandi ipasavyo.

Kwa jiwe lililokwama katika mrija, au dogo lililo ndani ya figo, daktari hupitisha darubini nyembamba kwa njia ile ile itokayo mkojo, akapanda kupitia kibofu mpaka alione jiwe kwa macho, kisha akalisaga kwa mwali wa leza. Hakuna tundu lolote linalotobolewa, ila mgonjwa hupewa nusukaputi au ganzi ya uti wa mgongo. Jiwe kubwa, linalozidi sentimita 2, au lile lenye matawi, hutolewa kwa tundu la mgongoni, lenye upana wa sentimita 1 hivi au pungufu. Tundu ni dogo, lakini njia yake inapita ndani ya nyama ya figo yenyewe, nayo figo ni kiungo chenye damu nyingi. Baadhi ya wagonjwa huhitaji kuongezewa damu, kwa hiyo ni busara ndugu wa kuchangia damu wajulikane mapema. Aliyeambiwa kwamba hii ni operesheni ndogo ameambiwa nusu ya habari: kilicho kidogo ni jeraha la nje.

Kabla ya siku yenyewe mkojo huoteshwa maabara kuona kama una vijidudu, na vikiwamo huuawa kwanza. Mgonjwa aeleze dawa zote anazotumia, hasa aspirini na nyinginezo za kuifanya damu iwe nyepesi, pamoja na dawa za mitishamba. Asione haya kuzitaja; daktari hatafuti wa kumlaumu, anatafuta kujua kama damu itaganda.

Baada ya jiwe kutoka, mara nyingi daktari huacha ndani ya mrija mpira laini, mwembamba, uliojikunja ncha zote mbili, ncha moja ikiwa ndani ya figo na nyingine kibofuni. Kazi yake ni kuuweka mrija wazi wakati uvimbe unapotulia. Mpira huu hauonekani kwa nje. Mwenye nao hukojoa mara kwa mara, huona damu kidogo akifanya kazi nzito, na huhisi maumivu ya ubavu wakati wa kukojoa. Haya ni ya kawaida, na si dalili kwamba jiwe limerudi. Baada ya siku kadhaa wengine huyazoea wakajihesabu wamepona.

Hapa ndipo umbali unapokuwa hatari. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 70 kwa njia ya Uyole, lakini aliyetibiwa Muhimbili au katika Hospitali ya Benjamin Mkapa huko Dodoma amesafiri mamia ya kilomita, ametumia nauli, ameuza pengine ng'ombe au mavuno ya ndizi. Akisharudi nyumbani bila maumivu makubwa, na msimu wa kuchuma chai umefika, safari ya pili humwia nzito. Mwezi hupita, kisha mwaka. Mpira ule, uliowekwa kwa majuma machache, huanza kushikwa na chumvichumvi zile zile zilizojenga jiwe la kwanza. Hugeuka mgumu, huweza kukatika, na mawe mapya huota juu ya ncha zake. Figo huzibwa tena taratibu, mara nyingine bila maumivu yoyote, mpaka inakufa. Mpira ambao ungetolewa kwa dakika chache, kwa ganzi ya kupaka na darubini ya kibofuni, sasa unahitaji operesheni iliyo kubwa kuliko ile ya jiwe.

Kwa hiyo mgonjwa asitoke wodini kabla ya kuuliza waziwazi: je, nimeachiwa mpira ndani? Jibu likiwa ndiyo, aombe tarehe ya kuutoa iandikwe katika karatasi ya ruhusa, na kauli hiyo isikiwe pia na mkewe, mumewe au mtoto wake mkubwa. Muda hupangwa na daktari. Mara nyingi ni majuma machache, na mipira mingi haitakiwi kupita miezi 3, ijapokuwa iko iliyotengenezwa kukaa zaidi. Aulize vilevile kama unaweza kutolewa Mbeya badala ya kurudi alikotibiwa, na apewe barua ya kupeleka huko. Na anapoulizia gharama, au yale yanayolipwa na bima yake, ajumlishe tangu mwanzo safari ya pili na kazi ya kuutoa mpira. Anayekusanya fedha za jiwe peke yake amekusanya pungufu.

Liko pia swali la chai, ambalo katika wilaya hii haliepukiki. Majani ya chai yana oksaleti, na aliyewahi kupata jiwe la kalisi na oksaleti huambiwa aipunguze. Wengine hufikiri basi maziwa nayo yaachwe, kwa kuwa yana kalisi. Mambo ni kinyume. Kalisi ya maziwa hukutana na oksaleti tumboni, vikashikana na kutoka na choo kabla ya kufika kwenye figo. Uchunguzi wa Wamarekani wanaume zaidi ya 45,000, uliotolewa mwaka 1993, ulionyesha kuwa waliokula vyakula vyenye kalisi nyingi walipata mawe kidogo kuliko wengine. Kikombe cha chai ya maziwa, desturi ya kale ya nyumba nyingi za Rungwe, kina nafuu kuliko cha chai ya rangi. Chumvi ya mezani ndiyo inayostahili kupunguzwa, pamoja na nyama nyingi.

Lakini dawa iliyo kuu ni maji. Huko Italia wagonjwa 199 waliokuwa wamepata jiwe kwa mara ya kwanza walifuatiliwa miaka 5, na matokeo yakatolewa mwaka 1996. Kati ya 99 walioagizwa kunywa maji mengi, 12 walipata jiwe jingine. Kati ya 100 walioachwa na desturi zao, walikuwa 27. Kipimo kilichowekwa hakikuwa cha maji yanayonywewa bali cha mkojo unaotoka, usiopungua lita 2 kwa siku. Mkulima anaweza kujipima kwa jagi la plastiki siku moja ya mapumziko, tangu asubuhi hadi asubuhi, kisha akajua ni vikombe vingapi vya maji aongeze, na vingapi zaidi siku anapoteremka Kyela.