Kaa wa Mikoko na Maji ya Pwani

Neno kaa humtatiza mwanafunzi wa bara kabla hata hajamwona mnyama mwenyewe. Katika kamusi atalikuta zaidi ya mara moja: kaa la moto, ambalo wingi wake ni makaa, kitenzi kukaa, na kaa mnyama, mwenye gamba, miguu minane na magando mawili. Upatanisho wa kisarufi ndio unaowatenganisha, kwani husemwa kaa hili linawaka, bali kaa huyu anauma. Mjini Lubumbashi, ambako makaa huitwa makala, utata huo hupungua. Lakini mnyama hubaki mgeni, na pamoja naye msamiati mzima ambao wavuvi wa Bahari ya Hindi huutumia wanapomtafuta. Msamiati huo si pambo. Asiyeuelewa hawezi kumpata kaa, wala hawezi kufuata vema maandishi ya watu wa pwani yanaposimulia shughuli zao.

Kaa anayesemwa hapa ni yule wa mikokoni, aitwaye pia kaa koko, ambaye wataalamu humjua kwa jina la Scylla serrata. Aliyemweleza kwanza kisayansi ni Peter Forskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyefia Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1775, baada ya kifo chake. Kwa muda mrefu jina hilo lilitumiwa kwa kaa wote wa matope, kutoka Afrika hadi Pasifiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wako wa aina nne, na kwamba huyu ndiye wa pwani ya Afrika Mashariki. Ni mnyama mkubwa: gamba la dume aliyekomaa laweza kupita upana wa sentimita 20, na uzito wake kupita kilo 2.

Anayemtafuta huanza kwa kutazama mwezi. Jina lenyewe la pwani limetokana na kitenzi kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa, yaani hurudi nyuma na kuacha nchi wazi, kisha hujaa tena, mara mbili kwa mchana na usiku mmoja. Mtu wa Kalemie au Uvira, anayeishi kando ya ziwa kubwa, anajua ufuko na mawimbi, lakini ziwa halimwonyeshi kupwa na kujaa kwa namna hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili hupita mita 3 katika sehemu nyingi. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu, yaani hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua ndizo siku za kaa. Katika pwani ya Kenya na Tanzania kupwa kwa bamvua huangukia yapata saa nne asubuhi, kisha huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Mgeni afikaye wakati wa maji mafu na kuuliza mbona hakuna kaa wakubwa, ameuliza swali ambalo mwezi ulikwisha kulijibu.

Maji yakishapwa, mvuvi huingia mikokoni kwa miguu. Hori ya Mida karibu na Watamu, visiwa vya Lamu, Vanga mpakani, ghuba ya Chwaka huko Unguja na delta ya Rufiji ni baadhi ya mahali panapojulikana kwa kazi hiyo. Huyapita mizizi ya mkoko iliyosimama kama miguu ya buibui, akitazama tope. Shimo la kaa mkubwa lina mdomo mpana, na tope lililotolewa karibuni huonyesha kuwa mwenyewe yumo. Mvuvi hutia fimbo au ufito wa chuma uliopindwa ncha mfano wa ndoana, akasikiliza: ncha ikigota kitu kigumu, hilo ni gamba. Hapo hana haraka. Humvuta polepole, kwa maana akimvuta kwa nguvu kaa huvunjika gando, na kaa wa gando moja hana bei. Ustadi huu mara nyingi hurithiwa katika jamaa, na kila mvuvi huyakumbuka mashimo yake, kwa kuwa shimo zuri lililoachwa na kaa mmoja huweza kukaliwa na mwingine. Wako pia wanaotumia mitego yenye chambo wakati maji yanapojaa, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Akitolewa nje, kaa huinua magando na kuyatanua. Methali isemayo kuwa kaa akiinua gando mambo yamekatika hueleweka papo hapo kwa aliyesimama mbele yake akiwa na miguu mitupu. Hushikwa kwa nyuma, magando yakafungwa kwa kamba, naye akitunzwa penye unyevu na kivuli huishi siku kadhaa nje ya maji. Ndiyo sababu kaa mbichi, kwa lugha ya soko, ni kaa aliye hai. Aliyekufa kabla ya kupikwa asinunuliwe hata kwa bei ya bure, kwa kuwa nyama yake huharibika upesi mno.

Kuchagua nako kuna elimu yake. Kaa hukua kwa kujivua gamba. Akishajivua, gamba jipya huwa laini na ndani mna maji mengi kuliko nyama. Mnunuzi humbonyeza chini ya tumbo, karibu na miguu: pakibonyea, amwache. Amchukue aliye mzito kuliko umbo lake. Dume hutambulikana kwa mkia mwembamba wa pembetatu uliokunjwa tumboni. Wa jike ni mpana na wa mviringo, na hapo ndipo hubeba mayai, yanayohesabika kwa mamilioni, anapokwenda bahari kuu kuyaangua.

Jambo moja humshangaza mgeni: mnyama huyu mtamu hana nafasi kubwa katika mapishi ya kale ya Waswahili. Sababu yaweza kutafutwa katika fikihi. Wengi wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na Minhaj ya Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, humhesabu kaa pamoja na chura miongoni mwa wanyama waishio nchi kavu na majini, ambao ni haramu. Madhehebu mengine yana rai nyingine. Hivyo kaa wengi wamekuwa wakivuliwa ili wauzwe kwa mahoteli na wageni, na siku hizi husafirishwa hai hadi Asia.

Anayemla humchemsha katika maji ya chumvi kwa dakika 15 hadi 20 akiwa wa kilo moja. Gamba lake la kijani kibichi hugeuka jekundu, kwani moto huiachilia rangi iliyokuwa imefungwa na protini. Matamvua hutupwa. Nyama ya magando ndiyo bora, na huhitaji jiwe au mchi. Kwa mchuzi, vipande hupikwa kwa kitunguu, tangawizi, bizari na tui jepesi. Tui zito, ambalo pwani huitwa kasimile, hutiwa mwisho ili lisikatike. Aliyezoea mawese atauona mchuzi huu mpole, mpaka pilipili na ndimu zifike. Huko Dabaso, kando ya hori ya Mida, kikundi cha wenyeji hutengeneza sambusa za kaa na kuziuza kwenye banda lililojengwa juu ya maji, katikati ya mikoko.

Kikundi hicho pia hunenepesha kaa katika vizimba. Ufugaji wa namna hii, hapo na kwingineko, umetegemea sana kaa wachanga waliokamatwa mikokoni, na bei ya Asia imemfanya mvuvi amtamani hata yule ambaye zamani angemrudisha shimoni. Mikoko nayo hukatwa kwa boriti na kuni. Mkoko ukiondoka, tope hukauka, na mvuvi hana tena shimo la kukumbuka.