Saa Ngapi Kule Cebu?

Hadithi, hadithi! Itikieni "hadithi njoo", kisha tulieni, maana leo tunakwenda mbali, hadi Ufilipino, kwenye kisiwa cha Cebu. Huko, na Bohol ya jirani, na sehemu kubwa ya Mindanao, watu wanasema Kisebuano.

Jua kwa lugha yao ni "adlaw". Siku nayo ni "adlaw". Mwezi wa angani ni "bulan", na mwezi wa kalenda ni "bulan" vilevile, jambo ambalo nyinyi halitawashangaza hata kidogo. Alfajiri ni "kadlawon", asubuhi "buntag", mchana "hapon", usiku "gabii". Saa sita mchana ina jina lake, "udto", na ina salamu yake pia: "Maayong udto!" Jua likikaa utosini kabisa, kivuli kikakusanyika miguuni, hiyo ni "udtong tutok".

Sasa hapa ndipo patamu. Jana ni "gahapon" na kesho ni "ugma", lakini leo wameikata vipande. "Karon" ni sasa hivi. "Ganiha" ni muda wa leo uliokwisha kupita. "Unya" ni muda wa leo ambao bado unakuja. Mama akimuuliza mwanawe kama amewapa kuku chakula, mtoto akajibu "ganiha", mama anaendelea na upishi wake. Akijibu "unya", mama anaweka mwiko chini, kwa sababu kuku wana njaa na mtoto yuko kwenye mchezo. Mimi naona neno hilo "unya" watoto wa dunia nzima wangelipenda.

Maneno hayo yote ni ya kwao. Saa ya ukutani ndiyo iliyokuja na wageni. Mwaka 1521 Magellan alifika Cebu akitumwa na mfalme wa Hispania, akauawa vitani katika kisiwa kidogo cha Mactan, hapo jirani. Mwaka 1565 akaja Legazpi, na safari hii Wahispania hawakuondoka. Walitawala mpaka 1898. Ndiyo maana Jumatatu huko ni "Lunes" na Jumapili ni "Domingo". Saa saba mchana ni "ala una", saa nane "alas dos", saa tisa "alas tres". Lakini kuhesabu vitu wamebaki na tarakimu zao: "usa, duha, tulo, upat, lima". (Ndiyo, "lima" ni tano. Chekeni, kisha tuendelee.) Basi saa ikigonga ni "alas tres", ila ukisubiri kwa muda wa saa tatu, umesubiri "tulo ka oras".

Wageni hao walileta na kichekesho kingine. Meli zao zilitokea Mexico zikivuka Pasifiki kuelekea magharibi, kwa hiyo kalenda ya Ufilipino ikawa nyuma ya majirani kwa siku nzima. Kulirekebisha hilo, waliiruka siku moja: baada ya Jumatatu, tarehe 30 Desemba 1844, watu waliamka Jumatano, tarehe 1 Januari 1845. Aliyezaliwa tarehe 31 Desemba alikosa sikukuu yake mwaka ule.

Mtego wenu nyinyi ni huu. Sisi twaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Wao huanza usiku wa manane. Ukitaka kujua ni saa ngapi, uliza: "Unsa nang orasa?" Ukiambiwa meli ya kwenda Bohol inang'oa nanga "alas otso sa buntag", uwe bandarini kabla ya saa mbili asubuhi. Ukisikia hiyo "otso" ni nane ukatokea saa nane, abiria wenzako watakuwa Tagbilaran, kule Bohol, wameshashuka na wameshakula.