GITAA LILILOSEMA, NA MAMA ALIYESIMAMA NYUMA YA PAZIA

Nimeponea chupuchupu kwenye ubishi. Na ubishi wenyewe ulianzia pale stendi ya mabasi Bweri, hapa hapa Musoma.

Siku hiyo nilikuwa namsindikiza shangazi yangu, anarudi zake Mwanza. Konda anaapa "bado wawili tunaondoka", huku sisi tunaona viti kumi havina mtu. Basi tukajisogeza kwenye kibanda cha dogo mmoja anayeingiza nyimbo kwenye flashi. Dogo akafungulia ngoma ya 2Pac na Dr. Dre, "California Love", ile ya mwaka 1995. Unaikumbuka ile sauti ya kiitikio? Kama roboti lililojifunza mapenzi! Nikamwuliza dogo, ile sauti inatengenezwaje?

"Dada, hiyo si kompyuta tu? Auto-Tune hiyo."

Nikamwambia mdogo wangu, punguza spidi. Auto-Tune imeingia sokoni mwaka 1997, na wimbo huu ulishatoka kabla. Dogo akakuna kichwa. Shangazi, ambaye muda wote alikuwa kimya anamenya chungwa lake, akadakia: "Hapo kuna mdomo wa mtu, mwanangu. Chombo hakiwezi kusema 'a' kama hakuna aliyefungua kinywa."

Mimi nikacheka. Nimekwenda kufuatilia, na sasa najicheka mwenyewe. Shangazi alipatia mia kwa mia. Tena habari yenyewe haikuanzia kwa akina 2Pac. Imeanzia kwenye muziki wa country, ule ambao wazee wetu wanausikiliza Jumapili mchana baada ya ugali na samaki, Jim Reeves akibembeleza taratibu. Kaa mkao wa kula nikupe.

GITAA LA KULAZWA

Kwenye country kuna gitaa moja linalolia kama mtu aliyeachwa stendi. Wenyewe wanaliita gitaa la stili. Halivaliwi shingoni kama lile la Mbaraka Mwinshehe. Linalazwa mapajani au juu ya miguu yake lenyewe, nyuzi zikitazama juu, na mpigaji habani nyuzi kwa vidole. Anatelezesha kipande cha chuma juu yake, na chuma hicho ndicho kilicholipa gitaa jina. Mtindo huu ulitoka visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku. Kutoka huko ukavuka bahari ukaingia Marekani, wachunga ng'ombe na waimba majonzi wakaupokea kwa mikono miwili.

Kwa nini unaliza? Kwa sababu sauti ya binadamu nayo inateleza. Mtu akilia hapandi ngazi moja moja, anateleza kutoka juu mpaka chini. Gitaa la stili likawa limebakiza kitu kimoja tu ili liwe mtu: maneno.

MWAKA 1939

Sasa ingia kwa Alvino Rey. Huyu bwana alizaliwa mwaka 1908 na alikuwa bingwa wa gitaa la stili la umeme. Hakuwa mtu wa country hasa. Yeye alikuwa na bendi kubwa ya dansi, ya mapulizo na suti. Ila fundi umeme si mchezo, maana hata kampuni ya Gibson ilimtumia kwenye kutengeneza gitaa lao la kwanza la umeme miaka ya 1930.

Mwaka 1939 Rey akaja na kituko. Akipiga gitaa jukwaani, gitaa linaongea! Maneno kabisa, unayasikia. Akalipa na jina, Stringy, akalitengenezea kidoli chenye sura. Watu wakachanganyikiwa. Kwenye filamu ya "Jam Session" ya mwaka 1944 Stringy anaonekana akitoa maneno kama vile amezaliwa nayo.

Siri ilikuwa wapi? Nyuma ya pazia, msomaji wangu. Huko alisimama Luise King, mke wa Rey. Kooni kwake alifungwa maikrofoni ndogo, ya aina waliyokuwa wakivaa marubani wa ndege, ikaungwa na mitambo ya gitaa la mumewe. Bwana anapiga nota mbele ya watu, mama anachezesha mdomo gizani, na sauti ya gitaa inageuka maneno. Makofi yanakwenda kwa kidoli.

Tusimwonee Rey. Luise hakuwa mtu wa kuokotwa. Alikuwa mmoja wa King Sisters, akina dada walioimba pamoja na kupata jina kubwa, na mwaka 1965 familia yao ikapata hata kipindi chao cha televisheni. Lakini kwa Stringy, aliyekuwa na mdomo hakuonekana, na aliyeonekana hakuwa na mdomo.

PETE DRAKE NA MRIJA WAKE

Wakati huo huo kikatokea chombo kingine, Sonovox, kazi ya Gilbert Wright. Hicho kilikuwa na spika mbili ndogo zinazobanwa kooni, moja huku moja kule. Sauti ya chombo chochote inapita kooni, wewe unachezesha mdomo tu. Ile treni inayoongea kwenye katuni ya "Dumbo" ya mwaka 1941 ni Sonovox hiyo. Stesheni za redio za Marekani nazo zikakitumia miaka mingi kutaja majina yao kwa mbwembwe.

Country yenyewe ilipata bingwa wake Nashville. Pete Drake, aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa mpiga stili wa kukodiwa studio. Kama umewahi kusikia "Stand By Your Man" ya Tammy Wynette au "Lay Lady Lay" ya Bob Dylan, basi umeshamsikia, hata kama hukujua. Drake hakufunga kitu kooni. Alichukua sauti ya gitaa kutoka kwenye amplifaya, akaipeleka kwenye spika ndogo, na kutoka hapo akaipitisha kwenye mrija wa plastiki hadi mdomoni mwake. Mikono inapiga gitaa, mdomo unatamka bila kutoa sauti, na maikrofoni mbele yake inanasa kinachotoka. Mwaka 1964 akatoa "Forever", gitaa likinong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Wimbo ukapanda hadi namba 25 kwenye chati ya Billboard.

Unajiuliza inawezekanaje? Jaribu hivi, ila usifanyie kwenye daladala. Fungua mdomo, zuia pumzi, halafu gonga shavu kwa kidole huku ukipanga midomo kama unasema a, e, i, o, u. Umesikia? Kidole ni kile kile, shavu ni lile lile, ila mlio unabadilika kila ukibadili mdomo. Koo linatoa mlio tu. Maneno yanatengenezwa na ulimi, midomo na uwazi wa kinywa. Ukiondoa mlio wa koo ukaweka mlio wa gitaa, gitaa linaongea. Na sisi Waafrika tulishalijua hilo zamani. Washona wa Zimbabwe wana chipendani, upinde wa uzi mmoja ambao mpigaji anaushikiza mdomoni, na kinywa ndicho kinachoukuza na kuugeuza mlio.

Kutoka kwa Drake mrija ukasafiri. Mwaka 1970 aliitwa London kurekodi albamu ya George Harrison, "All Things Must Pass", na kijana mmoja Mwingereza, Peter Frampton, akamwona akiongea na gitaa. Jamaa alizimika. Mwaka 1976 Frampton akatoa albamu yake ya jukwaani na mrija mdomoni, dunia ikapiga kelele. Kisha Roger Troutman wa kundi la Zapp akaunganisha mrija na kinanda cha umeme badala ya gitaa. Na huyo Troutman ndiye yule mwenye sauti ya roboti kwenye "California Love". Dogo wa flashi, umesikia? Mdomo wa mtu!

WASICHANA WA KIPSIGIS

Sasa turudi kwetu. Pale Bweri ukipanda gari la Sirari, ukavuka mpaka, ukapita Migori na Kisii, unaingia nchi ya Wakipsigis, Kericho. Huko nako waliwahi kukutana na country kabla ya sisi kuzaliwa. Ziliwafikia santuri za Jimmie Rodgers, Mmarekani anayeitwa baba wa country, aliyefariki mwaka 1933. Baadhi ya nyimbo zake zina lile gitaa la stili la Hawaii. Watu wakasikia sauti inatoka kwenye sanduku, mwenyewe haonekani. Wakajiuliza swali lile lile la shangazi yangu: huyu anayeongea ana mwili gani?

Wakampa jina kwa lafudhi yao, Chemirocha, na wakamtungia mwili: nusu mtu, nusu paa. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey akapita na mashine yake ya kurekodi, akawanasa wasichana wakimwimba kiumbe huyo. Santuri ile imezunguka dunia. Jina lililoandikwa ni la Chemutoi Ketienya. Wengine waliomwitikia wameandikwa "wasichana wa Kipsigis", basi. Na ukiisikiliza, waitikiaji ndio utamu wenyewe.

"NA WENGINEO"

Nilipompigia simu shangazi kumweleza haya yote, alinyamaza kidogo. Halafu akanipa kisa ambacho sikuwahi kukijua.

Miaka ya tisini mwanzoni, akiwa binti wa ishirini na ushee, bendi moja ilimwomba aende nao studio. Aliitikia nyimbo sita kwa siku mbili. Kiitikio cha ule wimbo uliopendwa zaidi alikibuni yeye pale pale, maana mwimbaji alikuwa ameishiwa maneno. Kanda ilipotoka, kwenye jalada kulikuwa na picha ya kiongozi ameegemea gari lisilo lake. Mpiga solo ametajwa, mpiga besi ametajwa, hadi fundi mitambo ametajwa. Mwisho kabisa pameandikwa "na wengineo".

"Mimi ndiye wengineo," akasema. "Nililipwa soda mbili na nauli."

Wimbo huo bado unapigwa kwenye harusi hapa Musoma. Nakumbuka mara nyingi nimemwona shangazi akiitikia kwa sauti kushinda spika, na sisi watoto tunaona aibu, tunamvuta kitenge akae. Kumbe alikuwa anaimba wimbo wake mwenyewe.

Ndugu zangu mnaoingia studio siku hizi, hili nawaambia ninyi. Leo kuna hata programu za kompyuta zinazoiga sauti ya mtu mpaka mama yake anadanganyika. Lakini kinachoigwa ni koo na mdomo wa mtu fulani, mwenye jina na mwenye kodi ya chumba ya kulipa. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na COSOTA wapo. Sheria hiyo haimtambui mtunzi peke yake, inamtambua pia aliyeimba na aliyepiga. Kwa hiyo kabla hujasogelea maikrofoni, andikianeni. Karatasi moja, sahihi mbili, unaimba nini na unalipwa nini. Ukiona mwenzako anakasirika kwa sababu umeomba karatasi, ujue alishakupangia nafasi kwenye "wengineo".

Na wewe mwenye bendi, majina hayali wino mwingi. Mtaje aliyeitikia, na hata aliyekuokoa ulipoishiwa maneno. Bwana Rey mkewe tunamjua leo kwa sababu habari za pazia zilikuja kusimuliwa. Wapo wengi ambao pazia lao halijafunuliwa.

Kabla ya kukata simu nilimwuliza shangazi kama nitaje jina lake hapa gazetini. Akacheka sana. "Acha kwanza," akasema. "Nitafutie hiyo kanda. Wakitaka kuandika jina langu, waliandike pale."

Basi naitafuta. Nimeshapita kwa dogo wa Bweri, ameniahidi kuulizia kwa wazee wenye makanda ya kale, na safari hii hakubisha. Wewe msomaji, kama kwenu kuna sanduku la kanda za zamani chini ya kitanda, lifungue usome majalada yake. Ukikuta "na wengineo", muulize mama au shangazi yako ni akina nani. Unaweza ukakuta ni yeye.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.