Kingamwili na Utambuzi wa Virusi vya Batobato ya Muhogo

Mkulima wa Fizi au Baraka aonapo majani ya muhogo yamejikunja na kuenea mabaka ya manjano, huona ugonjwa mmoja tu, ule ambao Watanzania huuita batobato. Hasara yake humfikia katika mizizi na katika sombe, yaani kisamvu cha ng'ambo ya Ziwa. Hata hivyo, dalili hizo huletwa na virusi vya spishi kadhaa, ambavyo huenezwa na inzi weupe na vipando vilivyoambukizwa. Mmea mmoja huweza kubeba spishi mbili kwa pamoja, na hapo ugonjwa huzidi ukali. Macho peke yake hayawezi kuzipambanua.

Mojawapo ya njia za kuzipambanua ni kingamwili za ukoo mmoja, mbinu iliyobuniwa na Köhler na Milstein huko Cambridge mwaka 1975. Panya hudungwa virusi. Seli za bandama yake zitoazo kingamwili huunganishwa na seli za saratani zisizokoma kugawanyika. Kisha seli moja iliyoteuliwa huzalishwa peke yake. Kizazi chake chote hutoa kingamwili ya namna moja, inasayo sehemu moja ndogo tu ya gamba la kirusi. (Twapendelea "ukoo mmoja" kuliko "monokloni", kwani hudokeza asili ya seli hizo.) Utomvu wa jani ukipimwa kwa kingamwili hizo maabarani, rangi hutokea pale tu kirusi kinaponaswa.

Kwa njia hiyo B. D. Harrison na wenzake huko Scotland walitenganisha kirusi cha batobato cha Afrika na kile cha Afrika Mashariki. Uganda, hata hivyo, ilileta fumbo. Batobato kali ilipoteketeza mihogo huko katika miaka ya 1990, kingamwili zilionyesha kirusi cha Afrika, kile cha siku zote. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 1997 ulifichua kwamba kilikuwa kirusi cha Afrika Mashariki, ila sehemu ya kati ya jeni yake ya gamba ilitoka kwa mwenzake. Mgeni alikuwa amevaa kanzu ya mwenyeji, nazo kingamwili huijua kanzu tu.

Kirusi hicho kimekwisha kuthibitishwa Kivu Kusini pia. Kwa hiyo vipando vinavyokusudiwa kugawiwa wakulima wa Fizi havina budi kupimwa kwa jeni, si kwa gamba peke yake.