Fahamu: Eneo la mashabiki ni nini, na kwa nini hujaa?

Ni uwanja wa wazi wenye skrini kubwa, ambako watu hutazama mechi bila tiketi. Wakati wa Kombe la Dunia 2002 umati ulifurika mbele ya ukumbi wa jiji la Seoul kutazama mechi; Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia 2006, FIFA iliurasimisha mtindo huo katika miji yote 12 mwenyeji.

Kwani nyumbani hakuna runinga?

Ipo, tena haina foleni wala msukumano. Kwa kuona mpira tu, hoja hiyo ina nguvu. Lakini Berlin mwaka 2006, kwenye barabara inayoelekea Lango la Brandenburg, asiye na tiketi naye alikuwa sehemu ya mashindano, bega kwa bega na wageni waliovaa jezi za wapinzani. Sebuleni hilo halipatikani. Ukienda, fika mapema na ujue mlango wa kutokea.